Nimealikwa onyesho la bendi za jeshi Edinburgh na naambiwa nivae kilti: Mswahili anaruhusiwa?

#1 MtotoWaMagomeni
Wakuu, salaam.
Nipo Edinburgh kikazi. Mwezi wa nane kuna ile Tattoo, onyesho la bendi za jeshi kwenye uwanja wa mbele ya ngome. Jirani yangu ni mzee mstaafu wa jeshi, alikuwa mpiga bagipaipu (ile zumari ya mfuko), na amenikatia tiketi nikae na familia yake. Wanaume wote wa nyumba ile siku hiyo huvaa kilti, lile vazi la Waskochi kama sketi, na mzee kasema iliyokuwa ya mwanawe itanitosha, kwa hiyo nivae nao.
Mke wangu hataki kusikia. Anasema kuvaa vazi la kabila la watu ni kujipendekeza, niende na suti yangu. Mimi naona nikikataa nitakuwa nimemvunjia heshima mzee wa watu.
Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Asiye Mskochi anaruhusiwa? Nasikia kila tartani, yaani mistari ya kitambaa chake, ina ukoo wake, sasa nikivaa ya ukoo fulani si nitakuwa nimejibandika jina la watu? Na inavaliwaje, maana kuna mikanda, pochi, soksi na vikorokoro kibao.

#2 Chapakazi_TZ
Vaa mkuu, usituangushe. Ila ukae mbali na upepo. Picha tunazisubiri.

#3 FundiWaGovan
Nipo Glasgow na nimewahi kufanya kazi kwenye duka la kukodisha mavazi haya, nitajibu lile la kuvaa.

Kilti kamili hula yadi nane za sufu, zaidi ya mita saba, na karibu kitambaa chote kimekunjwa nyuma. Mbele ni bapa. Inakaa juu kuliko suruali, mkanda wake unafika karibu na kitovu, na pindo linaishia katikati ya goti. Wageni wengi huishusha kiunoni kama jinzi, basi pindo linafika kwenye ugoko na vazi zima linaharibika.

Unaanza na pande la ndani: lipeleke kushoto, kamba yake ipite kwenye tundu dogo la nyonga ya kushoto, ufunge bizimu. Halafu pande la nje lije kulia, ufunge kulia. Ile pini kubwa ya chini kulia inashika pande la nje PEKE YAKE. Ukiipitisha kwenye pande zote mbili, ukikaa tu kitambaa kinachanika.

Pochi ya mbele, sporani, inaning'inia kwa mnyororo, iache upana wa kiganja chini ya bizimu ya mkanda. Kilti haina mifuko, kwa hiyo simu na tiketi vinaishi humo. Soksi zikunjwe chini ya goti, utepe wa rangi uonekane upande wa nje. Viatu havina ulimi, kamba zake ndefu zinazungushwa kwenye kifundo na kufungwa. Kabla ya kukaa pitisha mkono nyuma uilaze mikunjo. Hili lisahau na utasimama umebeba mabonde na milima.

Kile kisu kidogo cha soksini, sgian dubh, sheria ya Skotland inakitambua kama sehemu ya vazi la taifa, lakini walinzi wa mlangoni wana taratibu zao. Kiache nyumbani.

#4 Chapakazi_TZ
Fundi, umetufunika. Lakini swali ambalo kila mtu analo hujalijibu. Chini yake kunavaliwa nini?

#5 FundiWaGovan
Chapakazi, ya kukodi inarudi dukani na mwingine ataivaa. Vaa chupi. Majigambo ya askari waachie askari.

#6 Mwalimu_Historia
Mtoa mada, hilo la ukoo lichukulie kwa uzito. Tartani ni utambulisho wa damu. Tangu enzi za kale kila ukoo wa nyanda za juu ulikuwa na mistari yake na vitani walitambuana kwayo. Waingereza waliposhinda waasi wa nyanda za juu kwenye vita ya Culloden mwaka 1746 walipiga marufuku kilti, tartani na bagipaipu, vyote pamoja. Vazi lililofiwa namna hiyo halivaliwi kwa kufurahisha jirani. Mkeo ana hoja.

#7 Kasuku_wa_Leith
Mwalimu, heshima yako, ila umechanganya mambo.

Sheria ya 1746 ilikataza mavazi ya nyanda za juu kwa wanaume na wavulana, na ilifutwa 1782. Bagipaipu haimo kwenye maandishi yake. Watu wanachanganya na kesi ya James Reid, mpiga bagipaipu wa upande wa waasi aliyenyongwa York mwaka huohuo wa 1746. Alijitetea kwamba hakushika silaha, mahakama ikasema jeshi lile haliendi vitani bila chombo hicho, kwa hiyo nacho ni chombo cha vita.

Pia sheria ile iliwaachia waliokuwa jeshini. Askari wa mfalme walivaa kilti wakati baba zao kijijini wakivaa wanafungwa.

Na hizo tartani za koo, nyingi zilipangwa karne ya 19. Mwaka 1822 mfalme George wa Nne alitembelea Edinburgh, mwandishi Walter Scott ndiye aliyepanga sherehe, kila mkubwa akakimbilia kutafuta tartani ya ukoo wake. Mwaka 1842 ndugu wawili wakachapisha kitabu cha tartani za koo wakidai kimetoka kwenye hati ya kale, na hati yenyewe ilikuwa ya kughushi. Sehemu ya mistari inayovaliwa leo kwa fahari imetoka humo.

#8 MtotoWaMagomeni
Shukrani Fundi na Kasuku. Leo mzee kanionyesha yenyewe. Ni kijani na bluu iliyokolea, mistari myeusi, hakuna nyekundu hata kidogo. Nzito balaa. Hii ni ya ukoo gani?

#9 Kasuku_wa_Leith
Hiyo ni Black Watch, wengine huiita tartani ya serikali. Haina ukoo, ni ya jeshi. Kikosi kilianza kama kompeni za ulinzi mwaka 1725, kikawa rejimenti mwaka 1739. Leo yeyote anaivaa. Nyingine ambayo haina mwenyewe ni Hunting Stewart. Yenye mwenyewe kwelikweli ni Balmoral, ya familia ya kifalme. Umepata salama kuliko zote, vaa.

#10 Sajini_Mstaafu
Nawasalimu. Kasuku kasema yeyote anaivaa, ni sawa kwa kitambaa. Mimi nimetumikia jeshi la nyumbani miaka mingi na naongeza la kiaskari. Unakwenda kukaa mbele ya watu wenye sare. Usivae beji ya kikosi chochote kofiani, usivae manyoya. Tangu 2006 vikosi vya miguu vya kule viliunganishwa kuwa rejimenti moja, na kinachotofautisha vikosi vyake ni rangi ya kishada cha manyoya kofiani: Black Watch chekundu, Highlanders bluu, Argyll kijani. Raia akichomeka kishada chekundu kwa sababu kimempendeza, amejipa utumishi ambao hakuufanya. Kilti vaa, alama za watu ziache.

#11 Mwalimu_Historia
Kasuku, nakubali kuhusu bagipaipu kwenye sheria. Lakini usilifanye vazi zima kuwa la kutungwa. Shuka kubwa la kujifunga na mkanda, la kufunika mwili mzima na usiku kulalia, linaelezwa tangu karne ya 16. Hilo nalo alilipanga Walter Scott?

#12 Kasuku_wa_Leith
Hapana, shuka kubwa ni la kale kweli. Kilti fupi tunayoizungumzia ni nusu ya chini ya shuka hilo, na inatajwa mwanzoni mwa karne ya 18. Kuna maelezo kwamba aliyeikata ni Mwingereza, Thomas Rawlinson wa Lancashire, aliyekuwa na tanuri la chuma huko nyanda za juu na akaona shuka kubwa linawasumbua wafanyakazi wake.

#13 FundiWaGovan
Aa, hapo kwa Rawlinson msiitaje dukani kwetu, mtatoka bila chenji. Wazee wa huku wanasema watu walikuwa wakivaa nusu ya chini peke yake kabla hata Rawlinson hajafika, yeye aliikuta. Na mimi naona inaingia akilini. Mtu amefunga shuka la mita nyingi, joto limezidi, kweli asubiri Mwingereza amfundishe kuacha nusu ya juu nyumbani?

#14 Mama_Nasra_Mvita
Wanangu, nimecheka na nimejifunza. Nami nina la kwetu pwani. Huyu kijana asione kwamba yeye ndiye Mswahili wa kwanza kuwatazama Waskochi kwa jicho la kuiga. Ngoma ya beni iliyoenea pwani tangu mwisho wa karne ya 19 ilikuwa yote ni kuiga bendi za jeshi: sare, vyeo, gwaride, tarumbeta. Tanganyika walikuwa na vyama vya Marini na Arinoti. Huku kwetu Mombasa tulikuwa na Kingi na Scotchi, mahasimu wakubwa, na Scotchi wakijifananisha na Waskochi. Mtaa ulikuwa ukigawanyika nusu kwa nusu, watu wakimaliza pesa kwa sare na karamu ili wawashinde wenziwao.
Kwa hiyo mke wako mwambie, mwanangu, hili si la leo.

#15 Chapakazi_TZ
Mama Nasra, nyumbani kwenu mlikuwa Kingi au Scotchi?

#16 Mama_Nasra_Mvita
Kingi, na Scotchi hatuwataki mpaka leo.

#17 Mmanga_wa_Maskati
Assalaam aleikum. Mimi nimezaliwa Unguja, nimekulia Maskati. Huku bagipaipu si kigeni. Jeshi la Oman lina bendi zake, wengine wanapiga wakiwa juu ya ngamia, na wameshakwenda kupiga Edinburgh pia. Marehemu Sultan Qaboos baada ya kumaliza Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Uingereza, alitumikia na kikosi cha Waskochi, Cameronians, kule Ujerumani. Wengi huku wanasema ndiko alikoipendea.

Na kuna maelezo mengine. Ghuba yote ina zumari yake ya mfuko wa ngozi ya mbuzi, habban, wanaipiga kwenye ngoma za watu wa bandarini. Wazee wanasema sikio la huku lilishaizoea sauti hiyo kabla ya Mwingereza. Mimi siwezi kuamua.

Wapigaji wa huku nilioshuhudia wanavaa suruali, si kilti. Ndipo nina swali kwa mtoa mada, kama ni Muislamu. Goti.

#18 MtotoWaMagomeni
Ni Muislamu, sheikh. Na mke wangu hilo ndilo la pili alilolisema.

#19 Mmanga_wa_Maskati
Sisi Mashafii wa pwani, uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na goti, wengine wanaliingiza na goti lenyewe. Kilti ukisimama inafika goti. Ukikaa inapanda. Na kwenye viti vile vya ngazi, aliye chini yako akigeuka je?

#20 FundiWaGovan
Suluhisho lipo na ni la heshima kuliko mnavyodhani. Kuna suruali za tartani, zinaitwa truzi. Rejimenti za Skotland ya chini zilivaa truzi miaka na miaka, na kwa mtu wa kule hilo ni vazi kamili. Ukivaa truzi na koti fupi la Argyll hakuna atakayesema hujavaa. Chaguo lingine ni kaptura nyeusi ndefu ya kubana ndani ya kilti, inafika juu kidogo ya goti, haionekani ukisimama. Wapiga ngoma na wacheza dansi hawakai bila kitu kama hicho.

#21 Kasuku_wa_Leith
Truzi naziunga mkono kwa sababu nyingine pia, baridi. Viti vya Tattoo havina paa, mwavuli hauruhusiwi, na mvua ikinyesha bendi zinaendelea kupiga. Sufu nzito ikilowa inazidi kuwa nzito. Kijana, beba koti la mvua la plastiki, lisilo na rangi ya kumkera wa nyuma yako.

#22 Msitu_wa_Kilwa
Wakuu, nimesoma uzi wote na hakuna aliyetaja mti. Kale kamkusanyiko ka mabomba meusi mtakayoyaona mbele ya ngome, yametoka kwetu. Ni MPINGO.

Bagipaipu nzuri inachongwa kwa mpingo, na mpingo wa biashara hiyo unatoka Tanzania na Msumbiji. Mimi nimefanya kazi kwenye misitu ya vijiji huku Kilwa. Mti unachukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Ukiukata, pembeni ni mweupe kama muhogo na moyo ni wa zambarau iliyokaribia weusi. Ukiutupa majini unazama. Msumeno unapoteza makali haraka. Vipande vikishapasuliwa, ncha zinapakwa nta, maana unyevu ukitoka kwa kasi mti unapasuka na kazi yote imekwenda. Vinasafirishwa, mafundi wanaviacha vikauke muda mrefu, ndipo vinaingia kwenye mashine.

Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC cha uvunaji bora, na pesa ya gogo ikaanza kubaki kijijini kuliko zamani. Ndiyo maana hoja ya kwamba Mtanzania ni mgeni pale naikataa. Zaidi ya nusu ya chombo ni chetu.

#23 Chapakazi_TZ
Hii ndiyo post ya mwaka. Mtoa mada, ukiulizwa umevaa kilti kwa haki gani, jibu "mabomba yenu ni ya kwetu".

#24 Piper_wa_Kariakoo
Nimejifunza kupiga nikiwa huku ughaibuni, niongeze kidogo. Msitu_wa_Kilwa yuko sahihi kwa mabomba matatu ya begani, yale mawili mafupi na moja refu yanayotoa mlio usiobadilika. Lakini lile bomba la vidole lenye matundu, bendi nyingi sasa zinatumia la plastiki, kwa sababu wapigaji wakiwa wengi wanataka yote yafanane na hali ya hewa isiyasumbue. Wapigaji wa peke yao bado wengi wanang'ang'ania mpingo. Na zamani kabla ya mpingo kushika soko walitumia miti mingine, hata miti ya Karibi.

Ukiwa pale, sikiliza hiki. Bomba la vidole lina noti tisa tu. Mfuko ukishajaa, sauti haikatiki na haipungui, huwezi kupiga kwa sauti ndogo wala kupumzika katikati. Sasa noti ileile ikija mara mbili, utaitenganishaje? Vidole vinadonoa noti fupi sana katikati, haraka mno kiasi kwamba sikio linasikia kama mshituko. Ukilisikia hilo mara moja, muziki wote unafunguka. Na mwishoni taa zinazimwa, mmoja anapiga peke yake juu ya ukuta wa ngome. Hapo noti hizo zinasikika moja moja.

#25 Msitu_wa_Kilwa
Plastiki! Hiyo nimeipokea kwa uchungu lakini asante kwa ukweli.

#26 Piper_wa_Kariakoo
Usiumie sana. Kuna jingine: mwaka 2017 jamii nzima ya miti ya mpingo iliingizwa kwenye masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, wapigaji wakawa wanaogopa kuvuka mipaka na vyombo vyao. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa kwenye usumbufu huo. Soko la mpingo halijafa.

#27 Kampala_Boda
Mimi ni Mganda, nawasoma kimya tangu asubuhi. Sisi tulikuwa na Idi Amin. Alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, chini ya maofisa wa Kiskochi, na alipotawala aliwavisha wanajeshi wake kilti wakapiga bagipaipu kwenye hafla. Kwa hiyo mzee wangu akimwona Mwafrika amevaa kilti anageuza uso. Msichukulie kila mtu ataona fahari.

#28 Sajini_Mstaafu
Kampala umesema neno. Lakini vazi halina kosa la aliyelivaa vibaya. Vikosi hivyohivyo viliingia vita ya kwanza vikiwa na kilti, chawa wakajaa kwenye mikunjo, tope likaganda kwenye pindo na kuwakata miguu, gesi ikawaunguza ngozi. Wapiga bagipaipu walitangulia mbele. Daniel Laidlaw alipanda juu ya handaki pale Loos, Ufaransa, Septemba 1915, akapiga risasi zikimzunguka, akapewa Msalaba wa Victoria. Mwanzoni mwa vita ya pili ndipo kilti ilipoondolewa rasmi vitani. Mzee jirani wa kijana yumo kwenye mlolongo huo. Anapomkabidhi nguo ya mwanawe, anamkabidhi kitu.

#29 Laigwanan_Mtandaoni
Nyote mmezunguka, mimi nataka kuuliza. Shuka letu Wamaasai, nyekundu yenye mistari ya miraba. Wazungu kila wakija wanasema mmepewa na Waskochi. Ni kweli?

#30 Mwalimu_Historia
Ndiyo, wamisionari wa Kiskochi walikuja na vitambaa vya tartani. Hili linajulikana.

#31 Kasuku_wa_Leith
Wamisionari gani, Mwalimu? Misheni ya Kiskochi ilianza Kibwezi mwaka 1891 na mwaka 1898 ikahamia kwa Wakikuyu. Umaasaini walipita tu. Labda useme Joseph Thomson, Mskochi aliyekatiza nchi ya Wamaasai 1883 na 1884, ila yeye alibeba shanga, nyaya na vitambaa vya kawaida vya safari.

#32 Mama_Nasra_Mvita
Vitambaa vyote vilipita bandarini kwetu, na vilitoka Marekani, Uingereza na Bara Hindi. Mhindi wa dukani akiona nyekundu inanunuliwa, anaagiza nyekundu. Akiona miraba inanunuliwa, anaagiza miraba. Mskochi wa nini hapo?

#33 Laigwanan_Mtandaoni
Babu zetu walivaa ngozi iliyopakwa mafuta na udongo mwekundu. Rangi ilikuwepo kabla ya kitambaa. Naona kitambaa ndicho kilichoifuata rangi. Miraba ndiyo siijui.

#34 Kampala_Boda
Labda ilitoka kwenye mablanketi ya jeshi baada ya vita? KAR walirudi nayo mengi.

#35 Mama_Nasra_Mvita
Blanketi za jeshi nilizoziona mimi zilikuwa za kijivu.

#36 Mwalimu_Historia
Basi mwenye picha ya zamani ya Wamaasai wakiwa na shuka za miraba, ya kabla ya 1940 na yenye mwaka, aiweke hapa. Nami nitatafuta upande wangu.